Katuni za siku hizi zinaongea sana

Niseme tu moja kwa moja tusipotezeane muda, katuni za siku hizi zinaongea mno. Yaani mpaka unachoka wewe unayesikiliza. Mnyama akiamka anaongea, akikimbizwa anaongea, akidondoka korongoni anadondoka huku anatoa utani, na akinyamaza sekunde mbili tu kuna mwenzie pembeni anamuuliza mbona umenyamaza. Mimi katuni zote ninazozipenda, za zamani na hizi mpya, nikizipanga kichwani naona kuna kitu zinafanana, zote zinajua kukaa kimya. Mdogo wangu anayekaa Chang'ombe hapa hapa Dodoma anasema nina mambo ya kizee. Yeye ni mtu wa muvi zilizotafsiriwa, kwake muvi isipokua na mtu anayesimulia juu juu anaona kama imeharibika sauti.

Tuanze na Tom na Jerry maana hapo hakuna mtu wa Dodoma wala Mtwara atakayejifanya hawajui. Hawa jamaa wameanza mwaka 1940, wamechorwa na William Hanna na Joseph Barbera, wamebeba Oscar 7, na mpaka leo mtoto wa chekechea wa Nkuhungu ukimuwekea anakaa chini. Sisi tuliwaangalia kwenye tv ya chogo kwa jirani, mmejazana kwenye mkeka, ukicheka kupita kiasi unatolewa nje ukaangalie dirishani. Na hakuna aliyekua anauliza "amesemaje?" Paka akitembea kwa kunyata na muziki unanyata nae, akigongwa nyundo ya kichwa muziki ndo unalia kwa niaba yake, yule Scott Bradley aliyekua anatunga ile miziki ndo alikua msimuliaji mwenyewe.

Hilo swali la "amesemaje" ndo linaloniua mimi. Nyumba yoyote yenye watu wa rika tofauti inalijua. Muvi ya kizungu imewekwa, kuna mtu mmoja anayeelewa kiingereza vizuri, basi yeye ndo ameharibikiwa, kila baada ya dakika anaulizwa amesemaje, akimaliza kueleza cha kwanza cha pili kimeshapita, mwisho yeye hajaona muvi na walioelezewa nao wamepata nusu nusu. Ndo maana siwalaumu kabisa watu wa kutafsiri. Enzi za mikanda, Lufufu alikua anakalisha watu banda umiza masaa, picha ya kichina anaisimulia mpaka unahisi stelingi kazaliwa Kondoa, na hawa madj wa siku hizi wanaendeleza pale pale. Kwenye muvi za ngumi na bunduki nawakubali asilimia mia, tena kuna muvi mbovu kabisa ambazo wamezifanya zikawa tamu. Ila katuni jamani hapana. Kuna siku mdogo wangu kaniletea flashi ina katuni moja imetafsiriwa, ikafika sehemu mtoto anamuaga mama yake, wanaangaliana tu, wimbo unapiga chini kwa chini, unasikia kabisa roho inakupanda kooni, mara dj huyo, "hapo anamwambia mama usilie nitarudi." Hajamwambia! Hajasema chochote! Nilizima.

Sasa nije kwenye katuni yenyewe ninayotaka kuisema. Flow, ya mwaka 2024.

Imeongozwa na kijana wa Latvia anaitwa Gints Zilbalodis. Latvia ni nchi ndogo huko kaskazini mwa Ulaya, nchi nzima watu hawafiki milioni 2, mkoa wetu wa Dodoma peke yake sensa ya 2022 imehesabu zaidi ya milioni 3. Huyu kijana katuni yake ya kwanza ndefu aliifanya peke yake, kuchora yeye, muziki yeye, kila kitu yeye. Hii ya pili akapata wenzake, wakaitengeneza kwa programu ya Blender ambayo ni ya bure, hata wewe ukiwa na kompyuta na bando unaishusha leo hii hulipi hata shilingi, na bajeti yao ilikua kama euro milioni 3 na nusu hivi. Machi 2025 ikachukua Oscar ya katuni bora mbele ya Inside Out 2 ambayo ilikula kama dola milioni 200 kuitengeneza. Na ndani yake hakuna neno. Hata moja. Kuna paka, mbwa, ndege na wengineo, na wote wanalia kama wanyama wanavyolia.

Hadithi yenyewe ni fupi, maji yanapanda dunia nzima, watu hawaonekani kabisa, zimebaki nyumba na masanamu, paka mmoja mweusi anajikuta kwenye mashua na wenzake ambao hakuna aliyemchagua mwenzie. Ndo hiyo. Ukisimuliwa unaweza kusema sasa hapo kuna nini.

Nilivyoiweka sebuleni alikuwepo mama mkwe wangu ambaye humu ndani wote tunamuita Bibi kwa sababu ya watoto. Bibi ametoka Mvumi, Kigogo ndo lugha yake, Kiswahili anaongea vizuri tu ila kiingereza hana shughuli nacho, na tukiwasha tv jioni kawaida yake anasalimia "mbukwenyi", anakaa kidogo kwa heshima, halafu anaenda kuchambua mchicha wake jikoni maana anajua hapo hapamhusu. Siku hiyo mwanangu mkubwa akaanza mapema, mama mbona hawaongei, nikamwambia tulia. Wa mwisho nae, mama imeharibika sauti? (Huyo kaambukizwa na mjomba wake.) Bibi akawa ameinuka aende zake, ndo akatokea yule ndege.

Mle ndani kuna ndege karani, yule mrefu mwenye miguu kama amevaa bukta nyeusi na manyoya yamesimama nyuma ya kichwa. Bibi akarudi akakaa. Akasema huyo namjua, huyo anaua nyoka kwa mateke. Akaanza kutuhadithia walivyokua wanachunga ng'ombe utotoni huko mbugani, walivyokua wakimuona anatembea peke yake kwenye majani makavu, anapiga hatua, anasimama, anapiga tena teke la kasi chini, na wao wakishaona vile wanajua hapo pana nyoka wanapitisha ng'ombe mbali. Watoto wakasahau kabisa kuuliza mbona hawaongei, sasa wakawa wanamuuliza Bibi. Na kwenye katuni yule ndege ndo anagombana na mkubwa wa kundi lake kwa ajili ya yule paka, anapigwa mpaka bawa linaumia, kundi linaruka linamuacha, na yeye anaenda kukaa nyuma ya mashua anashika usukani. Bibi hakusema kitu hapo, alitikisa kichwa tu.

Halafu kuna lile dude kapibara, panya wa Amerika Kusini mkubwa kama mbuzi, kazi yake kulala tu. Nilisoma baadae kwamba walirekodi sauti ya kapibara wa kweli wakakuta ni nyembamba haiendani na lile umbo la uvivu, wakaenda kuchukua sauti ya mtoto wa ngamia. Unaona sasa watu walivyohangaika? Hawana maneno kwa hiyo kila mlio umetafutwa kwa tochi. Paka akikoroma unajua ana amani, akilia ule mlio wa chini unajua kuna kitu nyuma yake, na mtoto wa miaka 5 anaelewa sawasawa na bibi yake, hakuna aliyemzidi mwenzie pale sebuleni. Mimi mwenye kiingereza changu cha sekondari nilikua sawa na wote, na niliangalia muvi mpaka mwisho kwa amani maana hakuna aliyeniuliza amesemaje.

Na yale maji. Dodoma watu wanaijua kwa ukame na vumbi na zabibu, ila Bibi maji anayajua, alivyoona yanavyopanda taratibu kwenye miti akaanza kutaja Gulwe, kule Mpwapwa, jinsi mito ikishuka inavyobeba reli ya kati na treni inalala njiani. Hiyo reli ya zamani imesumbuliwa na mafuriko kipande kile cha Kilosa mpaka Gulwe miaka na miaka, na kila mtu wa huku mwenye umri ana hadithi yake ya kukwama. Tukabishana kidogo kama mashua ile ingefaa Bahi kwenye bwawa mvua zikikolea. Muvi yenye maneno isingetupa hiyo nafasi, tungekua tunatafsiri.

Sasa linganisha na Mufasa ya Desemba 2024. Mimi The Lion King ile ya kuchorwa ya 1994 naijua kama sala, na niwakumbushe tu kwamba ule mwanzo wake, jua linatoka, wanyama wanakuja kumuona mtoto, hakuna mnyama anayefungua mdomo pale, ni wimbo tu wa Lebo M na wenzake, na Disney waliamini kile kipande kiasi kwamba walikitoa kizima kizima kiwe trela ya kutangazia filamu. Na pale nyumbu wakishapita, vumbi linatua, Simba anazunguka anaita, halafu anajipenyeza chini ya mkono wa baba yake ambaye ameshakufa. Nani alihitaji kutafsiriwa pale? Tulilia wote, hata wale wababe wa mtaani walisema vumbi limewaingia machoni.

Mufasa imeongozwa na Barry Jenkins, mtu mwenye kipaji kikubwa, na sehemu zake nyingine ni nzuri kweli, kama mtoto Mufasa anavyosombwa na mafuriko akatenganishwa na wazazi wake, na ule undugu wake na Taka kabla Taka hajawa Scar unauma. Ila kila mambo yakianza kukolea, Timon na Pumbaa hao, wanamkatisha Rafiki asimulie, wanatupa utani. Ni kama waliotengeneza waliogopa tutasinzia. Halafu lile suala la simba wanaofanana na simba wa kweli, mimi sijawahi kulipenda tangu ile ya 2019. Simba wa kweli ukimuona Ruaha anapendeza kwa sababu uso wake haukwambii kitu, unaogopa. Sasa unamchukua huyo huyo unamtaka aimbe mapenzi, mdomo unacheza, macho yamekaa vile vile. Yule wa kuchorwa nyusi zake tu zilikua zinafanya kazi ya kurasa nzima.

The Wild Robot hiyo nampa yeyote, hata asiyependa katuni. Lupita Nyong'o ndo sauti ya Roz, roboti aliyeanguka kisiwani hakuna mtu, na kilichonikamata ni kile kipande cha mwanzo ambapo wanyama wote wanamkimbia na yeye anaona kumbe hawaelewi, anajikunja, anakaa chini, anasikiliza tu, siku zinapita, majani yanamuotea, mpaka ile milio inaanza kugeuka maneno masikioni kwake. Kusikiliza kwanza ndo uongee. Nusu ya mwisho wakaingiza milipuko na mapigano, nikaona eeh nao wameshindwa kuvumilia. Lakini pale Roz anapomfundisha yule mtoto wa bata bukini kuruka, na siku ndege wote wanahama na yeye anakimbia nyuma yake mpaka mwisho wa jabali, aisee, baba watoto alijidai anaenda kuangalia geti.

Zingine nitapita haraka. Inside Out 2 imeingiza zaidi ya dola bilioni 1.6, mimi niliipenda yule Wasiwasi alivyochorwa nywele zimetimka ila wanaelezana hisia kwa mdomo muda wote kama kikao cha wazazi. Moana 2 bahari nzuri, nyimbo sikumbuki hata moja. Ne Zha 2 ya Wachina ya 2025 ndo imevunja rekodi zote za fedha za katuni, imepita dola bilioni 2, na ni kelele mwanzo mwisho, ila ile ni kelele iliyochorwa, jicho linashiba, nikawasamehe. KPop Demon Hunters ya Netflix sina la kusema maana humu ndani nimezidiwa kura, ule wimbo wa Golden unaimbwa kuanzia bafuni mpaka kwenye bajaji ya shule na hakuna anayejua hata mstari mmoja unasema nini, kitu ambacho nadhani kinaniunga mkono mimi.

Mzee mwenyewe wa ukimya ni Hayao Miyazaki wa Japani. Aliwahi kuongea na mkosoaji wa Marekani Roger Ebert, mwaka 2002, akapiga makofi matatu manne mbele yake akamueleza kwamba ule muda kati ya kofi na kofi ndo wenye kazi, ukijaza vitendo tupu bila pumzi ni pilikapilika tu. Spirited Away yake ya 2001 ina ile treni inayopita juu ya maji, binti Chihiro amekaa na yule asiye na uso pembeni yake, nje vivuli vya abiria, vituo vinapita, jioni inaingia. Hakuna kinachotokea. Mimi kile kipande nikikiangalia huwa nawaza treni ya kati ya zamani usiku mkitoka Morogoro, watu wamechoka kuongea, kila mtu na dirisha lake. Kwenye SGR huwezi kupata hiyo, hata hujakaa vizuri ushafika, sio kwamba nalalamika.

Na hapa nyumbani je? Ubongo Kids nawaheshimu sana, wameanza kuonekana kwenye tv 2014, Kibena na wenzake wamewafundisha wanangu hesabu kuliko nilivyoweza mimi, na Akili yule mtoto wa miaka 4 wa chini ya Kilimanjaro wa mwisho wangu alikua anamuaga kabla ya kulala. Wale lazima waongee, ndo kazi yao, wanafundisha. Ila natamani siku moja tu wapewe hela ya kutengeneza katuni isiyofundisha kitu chochote. Fisi na sungura, mbuyu, vumbi la Septemba, basi. Vijana wa kuchora wapo, na Blender si tumeshasema ni ya bure.

Bongo movie tatizo langu ni lile lile, kuna kinanda kinapiga chini mwanzo mpaka mwisho hata mtu akichemsha chai, na mhusika akiwa na hasira anatuambia "nina hasira". Halafu unaiona Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, kutoka kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi, unabaki unashangaa kumbe tunaweza. Zanzibar ya wakati wa mkoloni, Yasmin na Denge wanapendana kwenye giza na mwanga wa taa, kamera inakaa, haina haraka, sauti ya taarabu ikija inakuja kwa sababu kuna mtu anaimba mle ndani. Mdogo wangu aliiita muvi ya kulala. Ndo hapo tunapoachana.

Ya wakubwa ya karibuni iliyonishika ni Sinners ya Ryan Coogler, 2025, watoto wakishalala ndo uweke maana kuna wanyonya damu na damu yenyewe haina kipimo. Michael B. Jordan anacheza mapacha wawili, Mississippi ya 1932, wanafungua kilabu cha ngoma. Usiku wa kufungua, kijana mtoto wa mchungaji anapiga gitaa, na muziki unapasua muda, unaona katikati ya wale wachezaji wanaingia watu wa kale wa Afrika na ngoma zao, anaingia mpiga gitaa la umeme, anaingia dj wa hip hop, wote wanacheza ukumbi mmoja na hakuna anayemshangaa mwenzie. Nilikua nimekaa nawaza akina mama wa Kigogo kwenye muheme, ngoma imebanwa mapajani, mabega yanakwenda, na marimba ya marehemu Hukwe Zawose, nikasema wale wangeingia pale mlangoni wangepewa nafasi katikati bila kuulizwa. Nilitaka kulijadili hilo na baba watoto ila nilipogeuka alikua ameshalala tangu mapacha wananunua kile kinu cha mbao, kwa hiyo akikwambia Sinners ni muvi ya kawaida mjue maoni yake hayahesabiwi.